Kinu Changu na Kinu cha Mama

Lanet, Jumamosi

Sijawahi kumwambia mtu kwamba chini ya kitanda changu kuna vita. Ni kijiji cha Ulaya nilichokijenga juu ya ubao, na wanajeshi wadogo wa udongo, na katikati kinu cha upepo nilichokiona kwenye kitabu cha maktaba ya shule. Naogopa kuchekwa. Msichana wa kidato cha tatu, bado anacheza na vijiti!

Leo niliacha mabawa manne ya kinu hicho, ya vijiti, karibu na jiko ili gundi ikauke. Niliporudi kutoka dukani, Mama alikuwa ameyatumia kuwashia makaa.

"Mama, umechoma kinu changu!"

"Kinu gani? Kinu yangu si hiyo hapo?" Alionyesha kile cha kutwangia tangawizi.

"Ya upepo. Ya vita."

"Na upepo inatwanga nini?"

Nilitaka kucheka, nikalia. Ndipo nikamweleza yote. Alichukua koleo, akatoa kwenye makaa bawa moja lililobaki, akalipuliza.

"Si ungesema tu? Mimi nilidhani ni takataka."

Hilo ndilo linaloniuma. Angejua, asingeyagusa. Nilikificha sana hata kikafanana na takataka.

Bawa lile limeungua ncha, kama lililopigwa bomu kweli. Nililibandika vivyo hivyo. Kisha nikauvuta ubao wote kutoka chini ya kitanda, nikaubeba hadi sebuleni, nikauweka mezani.