Kwa Papa Ezéchiel, Aliyepima Umeme wa Samaki

Mwaka mmoja umetimia, Papa Ezéchiel Kataliko, tangu malaria ikunyakue hapa Kabondo, ukiwa na miaka arobaini na minne. Watu walituambia uchungu utapungua. Umepungua kidogo. Hasira ndiyo imenenepa, na leo tunaisema mbele za watu.

Ulikuwa mpole kupita kiasi. Kila Jumatatu ulirudi kutoka mtoni na ndoo ya nina, wale samaki wa umeme, umeifunga nyuma ya toleka, baiskeli yako, majirani wakisema leo kwa Kataliko watu watakula. Wapi! Walikuwa wa kupimwa. Ulitaka kujua kiumbe cha nyama na maji kinawezaje kutoa umeme wa kumwangusha mtu mzima. Hiyo ndiyo biofizikia yako, na labo yako, maabara yenyewe, ilikuwa nyuma ya jiko letu.

Miaka kumi na mmoja ulibaki msaidizi wa Profesa mmoja wa chuo kikuu. Mara tatu Profesa huyo aliahidi kukuandikia barua ya kwenda kusoma nje, mara tatu kalamu yake ikakauka. Wewe ukasema, "Iko na kazi mingi, tumuvumilie." Haa, Papa! Sisi hatukuumbwa na moyo wako.

Daftari mbili za kwanza zilikuwa na kosa, ulituambia mwenyewe ukicheka. Ulipima samaki ndani ya beseni la alumini, nalo likameza nusu ya umeme. Mama Katungu, mke wako, ndiye aliyegundua, maana alishika ukingo wake akarushwa. "Papa Plamedie, hii beseni ndiyo inakula umeme yako," akasema, akakupa la plastiki. Ukaanza upya daftari ya tatu.

Siku ya matanga Profesa alikuja na suti nyeusi, akalia kuliko sisi wote. Kisha akaomba daftari zako "azitunze." Msibani mtu hanyimwi kitu. Katungu akamletea zile mbili zilizokuwa mezani, akamwambia, "Prof, iko ingine ya tatu, ile ndiyo ya muzuri."

"Maman, biofizikia haiko mambo ya wamama. Pumzika," akajibu, akaondoka nazo.

Miezi sita baadaye tukasikia redioni: Profesa amepata tuzo ya watafiti wa biofizikia, kwa kazi yake juu ya umeme wa nina. Kazi yake! Jina lako halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Binti yako Plamedie akatafuta makala, akamsomea mama yake namba moja moja. Zote ni za beseni la alumini. Katungu akacheka, mara ya kwanza tangu tukuzike, na hakikuwa kicheko cha wema.

Angeweza kwenda kumpigia kelele siku ileile. Hakwenda. Aliacha suti mpya ishonwe, sherehe ifanywe, picha zisambae mji mzima. Ndipo akawatumia waamuzi wa tuzo daftari ya tatu, yenye tarehe na mwandiko wako, ambamo ulizinakili namba za beseni la alumini na kueleza kosa lake. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Huyu tulimwongezea, ale ashibe.

Wamejibu. Misa yako ni Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, parokiani kwetu, na padri amekubali barua yao isomwe pamoja na matangazo. Inasema tuzo imeondolewa kwa Profesa na itaandikwa kwa jina la Ezéchiel Kataliko. Profesa, kama unasoma hapa, karibu sana. Tumekuwekea kiti cha mbele, karibu na kipaza sauti. Katungu atasoma polepole.

Tunaokukumbuka ni mke wako Katungu, watoto wako Plamedie na Israël, dada yako Solange, mjomba wako tonton Ambroise, na ukoo mzima wa Butembo na Kisangani.

Daima tutakukumbuka, Papa. Yeye naye hatutamsahau.