Okidi Uliyotaka Kuitupa

Mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Nakusalimu kwa furaha tele. Huku Mbinga tu wazima, kahawa inachanua, na babu yako mpya ananichemshia chai kila asubuhi. Usione wivu! Tangu tufunge ndoa natabasamu hata nikichambua maharage.

Umeniuliza kama uitupe okidi uliyonunua, mmea ule wa maua unaoota juu ya miti, kwa kuwa imekufikia Mwanza kwa basi ikiwa imenyauka. Ngoja kwanza.

Nilipokuwa msichana, baba alibeba okidi ya msituni kwa miguu kutoka Litembo hadi kwetu Mbaha, zawadi kwa mama. Ilifika majani yamekunjamana. Shangazi akasema, "Ichimbieni shimo, mtie samadi kama kahawa."

Mama akacheka. "Wifi, utaizika hai!"

Akabonyeza mzizi mmoja mmoja. Iliyooza akaikata. Iliyobaki migumu akainyunyizia maji kidogo, nayo ikageuka kijani. "Ni mzima, kachoshwa na safari tu," akasema, akaifunga kwenye shina la mti kivulini. Majani yale hayakunyooka, lakini mizizi mipya ilichomoza, na baadaye maua. Baba akawa akipita pale anaimba!

Basi bonyeza mizizi, mpenzi. Ukipata hata mmoja mgumu, ipande kwenye vipande vya magome, mbali na jua kali, uiache ipumzike. Mimi mwenyewe uso umejaa mikunjo, na bado mtu kaja kuniposa.

Bibi yako, bi harusi