Mitiki Iliyoota Kwenye Ripoti Yangu

Jumatano, Mafiga. Ukungu haujaondoka milimani tangu asubuhi, nami sijatoka ndani. Nina aibu.

Kazi yangu, kwa wasioijua, ni kupima kama sera ya taifa ya kupanda miti inapunguza kweli hewa ukaa mwaka hadi mwaka. Napanda milima ya Uluguru na futi kamba, naizungusha kwenye shina usawa wa kifua, naandika. Mti ukinenepa, sera inafanya kazi.

Mwaka jana sikupanda mlimani. Mvua ilikuwa nyingi, magoti yaliniuma, na ripoti ilisubiriwa. Nikachukua vipimo vya mwaka uliotangulia, nikavinenepesha kwa hesabu za mezani, nikatuma. Nikasifiwa.

Jana nilipanda hadi kwa Mzee Kondradi, juu ya kijiji cha Mkuyuni. Shamba lake la mitiki ndilo nililoliweka ukurasa wa kwanza, pamoja na jina lake, liwe mfano kwa nchi nzima.

Nilikuta mihogo ya mtu mwingine.

Mitiki ilikatwa mwaka juzi, muda mfupi baada ya mimi kuipima. Shamba lile ni la ukoo wa mkewe. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na mume hulima kwa ridhaa ya wajomba wa mkewe. Mahindi, ruksa. Mti wa kudumu, hapana, maana anayeupanda anajitangaza mwenye ardhi. Na tangu biashara ya mbao ifunguliwe, wanunuzi wakawa wanazifuata wenyewe hadi mlimani, wajomba hawana mzaha kabisa na miti. Walifyeka yote, wakampa shamba mtu mwingine. Sasa mzee analima kipande cha kuazima bondeni, mchanga mtupu.

Mimi ndiye niliyemshawishi apande. Alisita, akataka kwanza awaulize wakubwa wa ukoo. Nikamwambia hii ni sera ya serikali, nani atamkataza? Na mama yangu mzazi ni Mluguru wa Matombo! Nilijua. Nilitaka tu idadi ya mashamba itimie.

Nilimwamkia huku natazama chini.

"Marahaba, mwanangu. Pole na mlima," akasema, akaagiza nichomewe ndizi. Hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenitukana.

Mkewe ndiye aliyenieleza, wakati ananisindikiza, kwamba wajomba walimbana mumewe aseme nani alimtia wazo lile. "Alinyamaza, mwanangu. Mimi aliniambia we mtoto wa watu, wasije wakakuharibia kazi."

Nililia njia nzima ya kushuka.

Asubuhi hii nimewaandikia wakubwa wa kazi waifute ile ripoti: kwa Mzee Kondradi hakuna mti hata mmoja, na mengine ya mwaka jana sikuyaona kwa macho. Huenda mkataba wangu ukaishia hapo.

Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Jumapili baada ya misa nitakwenda kwa wajomba, nikae chini, niseme ni mimi. Shamba watamrudishia? Sijui. Na wakiniuliza nilikuwa wapi muda wote huu, nitawajibu nini?