Watu Wasio na Undugu

Jumapili, 3 Machi

Mwanangu,

Habari za huko? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama pikipiki mbovu? Sisi hapa wazima wote, ila mimi nina hasira mpaka chakula hakipiti. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu kazi yako ni "ndiyo mama, ndiyo mama", halafu salio linakwisha nami sijasema hata nusu.

Ijumaa natoka kupeleka sare shuleni, nafika nyumbani nakuta karatasi ya manispaa kwenye geti langu. Wameibandika kwa gundi, nilipoivuta ikaja na rangi. Inasema nyumba hii "inaendeshwa kama taasisi ndani ya eneo la makazi". Taasisi! Mimi na cherehani yangu na watoto watano!

Kumbe walikwisha kutuma mkaguzi nikiwa sokoni kununua vitambaa. Kijana mmoja wa viatu vya ncha. Kidosho akamfungulia kwa heshima, akamkaribisha maji, yeye huyooo mpaka bafuni kuhesabu miswaki. Miswaki, mwanangu! Kisha akamuuliza Kasuku mnaishi wangapi humu. Na Kasuku unamjua, ana miaka sita na mdomo wa watu wazima kumi. Akamtajia wote: Dada Kidosho, wadogo zake Injinia na Tembo, yule mtoto tunayemwita Mzee, yeye mwenyewe, mama, na paka.

Basi, sheria yao mpya ndiyo hii. Nyumba ya makazi ni ya familia moja. Wasiokuwa na undugu na mwenye nyumba, wa damu, wa ndoa au wa kuasiliwa mahakamani, wasizidi watatu. Mimi ninao watano, kwa hiyo wawili waondoke. Wameandika hivyo hivyo, "wawili", kama mtu anayepunguza viti sebuleni.

Aliyepeleka maneno ni jirani mpya, yule mstaafu aliyenunua nyumba ya pembeni. Mpira wa Tembo uligonga ukuta wake mara moja. Nikaenda kumwomba radhi na sahani mkononi, akapokea sahani, akacheka na mimi vizuri tu, kesho yake akaenda manispaa. Mnafiki mkubwa!

Wewe nilikupokea ukiwa na miaka minne, ukalala chumba hicho hicho wanacholala kina Tembo, na leo uko mipango miji unachora ramani. Hao watu ni wenzako. Niambie nifanye nini kabla sijafanya ninalotaka.

Mama yako


Jumamosi, 9 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini mko salama na chakula sasa kinapita. Kifua changu kimepona, nashukuru kwa kuuliza.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mama, nakuomba utulie. Sheria hiyo nasi huku tunayo. Haikutungwa kwa ajili yako, ilitungwa kwa ajili ya wanaonunua nyumba ya vyumba vitatu wakapangisha watu ishirini, choo kikafurika, mtaa mzima ukanuka. Tatizo ni kwamba iliandikwa bila kukufikiria. Kibali chako cha ulezi kutoka ustawi wa jamii ni halali kabisa, lakini ustawi wa jamii wanamwangalia mlezi, mipango miji wanaiangalia nyumba, na ofisi hizi mbili hazisemezani.

Kuna njia. Omba kibali maalumu. Utaitwa mbele ya kamati, utajieleza, na majirani watasikilizwa. Ingefaa sana wale wakubwa uliowalea waje waseme walivyolelewa: Muuguzi, Dereva, Mwashi, wote watakaoweza. Kamati ikiona watu wazima wenye kazi zao italainika.

Mimi sitaweza kuja. Mfanyakazi wa mipango miji wa manispaa moja akisimama kuipinga manispaa nyingine, wakubwa wangu hawatanielewa. Naomba unielewe wewe. Na tafadhali usimtukane mkaguzi.

Mwanao


Alhamisi, 14 Machi

Mwanangu,

Za siku nyingi? Sisi tupo. Tembo kang'oka jino, Mzee anatembea na mikono nyuma kama mwenye mashamba, cherehani inakula uzi.

Mkaguzi nilikwisha kumtukana, umechelewa.

Sasa wewe. "Naomba unielewe." Nimekuelewa! Nimeelewa kwamba mtoto niliyekesha naye akiumwa surua, niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, leo anaogopa wakubwa zake wasije wakamnunia. Sawa. Kaa na wakubwa zako. Barua yako ingepigwa mhuri ningedhani imetoka kwao.

Halafu unaniambia sheria haikutungwa kwa ajili yangu. Mbona imenipata mimi? Yule wa watu ishirini yupo mtaa wa pili, choo bado kinafurika, na gundi kwenye geti lake sijaiona. Anajuana nao.

Ushauri wako nitaufuata maana sina mwingine. Ndugu zako wakubwa nimewapigia, wanakuja wote, na wake zao na waume zao. Wengine wanatoka mbali, watafika siku moja kabla ya kamati. Hao ndio watoto. Wanaomba ruhusa kazini, wakinyimwa wanakuja hivyo hivyo.

Mama yako


Ijumaa, 12 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Hukuandika, sikuandika. Ila leo nisipoandika nitapasuka.

Walikuja, nyumba ikajaa. Dereva kaja na mkewe na mtoto, Muuguzi kaja na mumewe, Mwashi, Kinyozi, na yule wa kutengeneza friji. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Nikaazima magodoro mtaa mzima, tukayatandaza sebuleni, ukumbini, mpaka chini ya meza yangu ya kukatia nguo. Asubuhi tunakunywa chai, wengine hawajanawa hata uso, mlango unagongwa. Viatu vya ncha! Na simu mkononi. Akapiga picha magodoro. Akapiga picha Dereva na kanga ya mkewe kiunoni. Nikasema, hawa ni wanangu wamekuja kunisalimia. Akasema, "Sawa mama," akaendelea kupiga.

Tukaenda kwenye kamati. Meza ndefu, chupa za maji, watu saba wanatazama simu zao. Muuguzi akasimama, akaongea mpaka nikatokwa na machozi. Akasema mama huyu amelea watoto wengi kuliko anaoweza kuwataja. Mwashi akasema sisi wengine tuliishi pale tukiwa wanane. Dereva akasema nyumba ile haijawahi kukosa nafasi kwa mtoto. Kila mmoja anasema, na mwanasheria wao, mwanamke mwenye miwani, anaandika. Mimi mjinga nikadhani tumemgusa.

Walipomaliza akasimama akasema, "Asanteni sana. Mashahidi wenyewe wamekiri kwamba taasisi hii imeendeshwa miaka mingi bila kibali, wakati fulani na watoto wanane." Kisha picha zikawekwa ukutani. Magodoro yangu ya kuazima, makubwa namna ile! Akasema, "Hii ni hosteli."

Mwanangu, kila neno la shukrani walilolisema wanangu limegeuzwa kosa langu. Muuguzi alilia njia nzima, anasema amenimaliza yeye. Nikamwambia koma, hujanimaliza wewe. Lakini huo ushauri ulikuwa wako. Wewe unayezijua kamati, wewe unayejua zinavyosikiliza, ulinituma niwaite ndugu zako waje wanikaange, nawe ukabaki huko na ramani zako.

Kibali wamekataa. Mpaka mwisho wa Mei niwe nimepeleka majina ya wawili watakaoondoka. Niyapeleke mimi mwenyewe! Hawataki hata kuchagua wao, wanataka nichague mimi. Sasa niambie. Nimtoe Mzee, ambaye alikaa hapa mwaka mzima ndipo akasema neno la kwanza? Nimtoe Kasuku? Au nimwambie Kidosho, wewe na wadogo zako mlifika hapa mmeshikana mikono watatu, sasa achia wawili?

Sipeleki jina la mtu. Waje wanibebe mimi.

Mama yako


Jumanne, 16 Aprili

Mama,

Shikamoo. Siulizi hali, naijua.

Una haki kwa kila neno. Nimewapigia Muuguzi na Dereva. Dereva alinitukana kuliko ulivyonitukana wewe, na nikamwacha amalize. Nilijua kazi ya kamati, nikasahau kwamba kamati haitafuti mtu mwema, inatafuta hesabu. Nina hasira, mama. Leo nimegombana na mkubwa wangu juu ya jambo lisilohusu kitu, nikarudi mezani nikaifungua ile sheria ya manispaa yenu, nikaisoma yote mpaka viambatisho.

Sikiliza vizuri. Undugu unapimwa kutoka kwa mwenye nyumba. Basi. Haisemi mwenye nyumba awe na umri gani zaidi ya kuwa mtu mzima, haisemi ndiye awe mlezi. Kidosho ametimiza miaka kumi na tisa. Kama nyumba ni ya Kidosho, Injinia na Tembo ni ndugu zake wa tumbo moja, hawahesabiwi. Wanaobaki ni Kasuku, Mzee na wewe. Watatu. Sheria inaruhusu watatu.

Ulezi wako utabaki kama ulivyo. Nimewauliza ustawi wa jamii, wao hawajali hati ina jina la nani.

Lakini mama, hati lazima iwe yake kwelikweli, watachunguza. Ukishaweka sahihi, nyumba uliyoijenga kwa cherehani si yako tena. Akiolewa na mtu wa tamaa, mkikosana, anaweza kukutoa na sheria itakuwa upande wake. Kama mtu wa ofisi nakwambia ni hatari. Kama mwanao sijui nikwambie nini. Fikiri kwanza, usikimbilie.

Mwanao


Jumatatu, 3 Juni

Mwanangu,

Hujambo huko? Unakula? Sisi tupo wote watano na mimi wa sita. Hakuna aliyeondoka. Nimeanza na hilo ili upumue.

Sikufikiri kwanza. Barua yako ilifika asubuhi, mchana nilikuwa kwa mwanasheria. Nimempa mwanangu nyumba, kuna ajabu gani? Watu wanawapa watoto nyumba kila siku. Mwenye kushtuka alikuwa Kidosho. Alikataa, akalia, akasema hataki kitu changu nikiwa hai. Nikamwambia weka sahihi hapo, utalia nyumbani. Nyumbani akalia kweli, mimi nikamshonea gauni.

Alhamisi wakaja kukagua. Viatu vya ncha na yule mwanasheria wa miwani. Wakakaa sebuleni, hati wakaigeuza mbele na nyuma kama noti ya bandia. Wakamkalisha Kidosho kwenye kiti changu. Sisi wengine tukasimama ukutani, tumejipanga.

Mwanamke akauliza, mwenye nyumba ni wewe? Kidosho akasema ndiyo. Hawa wavulana? Wadogo zangu, baba mmoja mama mmoja. Akaandika. Huyu mtoto wa kike? Kidosho akatazama chini, akasema hatuna undugu. Kasuku akafungua mdomo, nikamfinya bega. Huyu wa mikono nyuma? Hatuna undugu.

Akanyoosha kalamu kwangu. "Na huyu mama?"

Kidosho hakuweza. Akanigeukia mimi badala ya kumjibu. Yule akarudia, "Huyu mama una undugu gani naye?" Tulikuwa tumefanya mazoezi, mwanangu, wiki nzima tulifanya mazoezi, na ikafika pale akashindwa. Akaanza kusema, "Huyu ni ma..."

Nikamkatiza. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Sina undugu naye. Wala na hao wengine. Mimi ni mpangaji tu hapa."

Akaandika. Akasema, "Asante, sasa iko sawa." Na kijana akatabasamu, akaniambia, "Si unaona mama, sheria haina ubaya ukiifuata." Ningekuwa na mkasi mkononi sijui. Nikawafungulia geti, wakaenda zao. Mstaafu alikuwa dirishani kwake. Sikumsalimia na sitamsalimia mpaka nife.

Kwa hiyo nimewashinda. Kila ninayekutana naye ananipa hongera, Dereva ametuma hela ya soda, Muuguzi amefuta machozi. Kila mtu amefurahi. Na mimi nina hasira kuliko siku ile ya gundi, maana wamenitia maneno yao mdomoni, nikayasema mwenyewe, mbele ya watoto. Kwa miaka yote hii hakuna mtu aliyewahi kunifanya niseme hivyo. Polisi hawakuweza, mashangazi waliokuja kudai watoto hawakuweza. Wameweza watu wa ramani.

Wakubwa wanaelewa. Injinia anacheka, ananiita "mama mpangaji". Lakini Kasuku ana miaka sita. Nimemweleza mara nyingi ilikuwa ya kuwaambia wageni tu, Kidosho amemweleza, hata Mzee amejaribu kumweleza. Anaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Tangu Alhamisi hajaniita mama. Jana alitaka maji, akasimama pembeni ya cherehani yangu, akanivuta nguo, akasema, "Wewe. Naomba maji."

Sitaki barua. Sitaki shikamoo ya karatasi. Omba ruhusa kwa hao wakubwa zako, wakikunyima njoo hivyo hivyo. Ukifika mlangoni kaa hapo hapo, uniite mama kwa sauti, mara nyingi, mpaka huyu mtoto asikie.

Mama yako