Kiti Kilichojilaza

Migori,
19 Septemba 1996

Kwa ndugu yangu Machuki,

Pokea salamu zangu, za Lynnet na za watoto. Sisi tu wazima, ila mimi chakula hakipiti. Wewe na shemeji hamjambo? Na mama, bado anakataa kuvaa miwani?

Barua hii nimeianza mara tatu. Nikiandika sentensi mbili nainuka kwenda kulitazama gari, utadhani litatoroka.

Ni lile gari jipya la tajiri wangu, Mzee Barnabas, anayenunua samaki huku ziwani. Sijaona gari lenye maringo kama hili. Ukilizima linajishusha ili wakubwa washuke vizuri, ukiliwasha linajiinua. Mlango usipofungwa sawasawa linakulilia hadi Rongo. Halina klachi, na wiki ya kwanza mguu wangu wa kushoto ulikuwa unakanyaga hewa. Hata viti havisukumwi kwa mkono, vina vibonye vyake hapo katikati, karibu na gia. Kitabu chake cha maelezo ni kinene kama Biblia. Mzee alinipa mwezi mmoja nilijue gari lote, la sivyo atafute dereva mwingine.

Jumanne ya wiki jana tulikuwa Kisegi. Mzee akiwa bado anapimiwa samaki, shemeji yangu Bonface akaja mbio kusema kwamba mama yao ameteleza kwenye mawe akianika visamaki vyake vya omena, na nyonga imeumia vibaya. Mzee, Mungu ambariki, akaniambia nimkimbize hospitali Homa Bay.

Unajua mambo ya mama mkwe. Miaka tisa tangu nimwoe Lynnet, sijampa mama huyo mkono wala kula naye meza moja. Jina lake siwezi hata kuliandika hapa. Sasa mguu wake ulikuwa haukunjiki, na kiti cha mbele tu ndicho kilichokuwa na nafasi ya kuunyoosha. Akaketishwa hapo kando yangu, amejifunika uso mzima, na Bonface huko nyuma akashika leso kati yetu iwe pazia. Bonface alimsihi ajilaze kidogo. Alijibu kwamba afadhali afe ameketi kuliko kulala mbele ya mume wa binti yake.

Barabara ile ni mawe matupu. Kila tulipoingia shimo aliuma leso asilie, nami nilikuwa nasikia. Mara kiti chake kikaanza kushuka nyuma, polepole, hadi mama wa watu akawa amelala chali. Nilipiga kelele kwamba gari limeingiwa na wazimu. Nikabonyeza kila kitu, vioo vikashuka, redio ikalia, lakini kiti hakikuinuka. Alilia kwa aibu, kisha akanyamaza. Tulipofika mjini alikuwa amelala usingizi. Daktari alisema mfupa haukuvunjika.

Habari zilimfikia mzee kabla yangu. Amesema dereva anayeshindwa na kibonye cha kiti atakuja kumwua, na Jumamosi hii nikabidhi ufunguo. Nyumba tunayokaa pia ni yake, Machuki.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata Lynnet hajui. Kiti hakikujilaza. Nilikilaza mimi. Kitabu kile nilikimaliza zamani, na vibonye vyote navijua nikiwa nimefumba macho. Ni kwamba nilishindwa kuendelea kusikia yale meno kwenye leso. Nikimwambia mzee ukweli, kazi inabaki yangu, lakini mzee hana siri. Kufikia jioni Kisegi yote itajua kwamba mkwe alimlaza mama kwa mkono wake, naye hataweza tena kupita sokoni. Kwa hiyo nimekubali kuwa mjinga. Lakini naogopa, ndugu yangu, na nina hasira, na sijui hasira hiyo nimpe nani.

Leo mchana Bonface amefika hapa na ujumbe. Kesho mama anatakiwa hospitali tena, kuangaliwa nyonga. Magari ya watu wengine amekataa yote. Amesema aletewe lile lile bovu, na dereva wake yule yule, na mtu asithubutu kulitengeneza.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mkubwa kwa mdogo.

Ni mimi mdogo wako,
Maroa