Mtani Wangu Niliyempeleka Polisi

(Nimeikuta kwenye daftari langu la mwaka 1996. Naibandika hapa kama ilivyo.)

Masvingo, Zimbabwe. Jumatano jioni, Agosti. Baridi kavu, na moyo wangu mzito.

Leo nimeyaona magofu ya Zimbabwe Kuu. Miaka sita nimewafundisha watoto wa Mpanda habari za kuta zile kutoka kitabuni, leo nimezigusa. Mawe yamepangwa bila udongo wala saruji, na yamesimama tu. Nilitoa machozi, wala sioni haya kusema.

Lakini siwezi kuandika habari za mawe.

Nimesafiri na Mashaka, mwalimu mwenzangu, anakaa Majengo. Yeye Mnyamwezi, mimi Mfipa, basi ni mtani wangu. Shuleni huwa ananifichia viatu mpaka nimpe karanga. Baba alipofariki, Mashaka alishuka kaburini akalala, akasema hazikwi mtu hapa mpaka apewe kuku. Nilicheka siku ile, na bila kicheko kile sijui ningefikaje jioni.

Leo tulikaa kupumzika nje ya ukuta mkubwa, mkoba nikauweka pembeni. Kugeuka, haupo. Pasi ya kusafiria, kamera, sweta, vyote mle.

"Wee mtumwa, toa mkoba wangu," nikamwambia.

"Nimeshauuza," akajibu, anamenya chungwa. "Lete kuku wawili nikakukombolee."

Nikacheka! Nikapanda kilimani kutazama magofu ya juu, nikazunguka zaidi ya saa nzima bila wasiwasi. Kumbe yeye alidhani mkoba nimeuacha nyumba ya wageni, namchokoza tu. Tulikuwa tunataniana, na mwizi anakwenda zake.

Getini nikasema basi sasa, lete. Uso ukambadilika. "Mwenzangu, mi sijaugusa. Kweli vile."

Hapo ndipo nilipoharibu. Badala ya kumwamini, nikapandwa na hasira, nikawaza labda safari hii kaiba kweli. Ugenini, bila pasi, akili ikaniruka. Kituo cha polisi nikamwambia askari, kwa mdomo wangu huu, kwamba huyu amekiri kuuchukua. Askari akamwuliza kama alisema hivyo. Mashaka si mwongo. Akajibu ndiyo, alisema.

Wakamvua mkanda na viatu, wakamkalisha sakafuni nyuma ya kaunta.

Mimi nilipewa kiti.

Jua linaelekea kuzama, mama mmoja anayefagia kule magofuni akaja na mkoba wangu. Aliukuta kwenye nyasi karibu na uzio. Pasi imo, kamera na sweta hakuna. Alisema mchana alimwona kijana asiyemfahamu akiruka uzio pale pale, wakati Mashaka alikuwa amekaa na mimi.

Nikajieleza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, nikamwambia askari utani ni nini. Nilidhani atanicheka. Akasema hata kwao yupo rafiki wa namna hiyo, anayeruhusiwa kukutania kwa lolote. Kisha akanitazama.

"Na rafiki kama huyo ndiye uliyemleta kwangu?"

Aibu niliyoona, Mungu ndiye anajua.

Mashaka alifunga kamba za viatu taratibu, akawashukuru askari. Njiani nikajikaza nikamtania: "Haya Mnyamwezi, beba mkoba, kazi yenu si kubeba mizigo?" Siku zote hapo angenirudishia maneno mpaka nikimbie.

"Naomba tupite upande huu, mwalimu," akasema. "Magari ni mengi."

Naomba. Mwalimu.

Afadhali angenitukana. Alinifungulia mlango wa nyumba ya wageni, akanitakia mapumziko mema, akaingia chumbani kwake. Amenipa heshima zote anazopewa mtu baki.

Asubuhi tunapanda basi la Harare, viti vyetu vimepakana. Nitaanza na neno gani?