Kreti Namba 117

Netelaan 14,
Duffel,
Ubelgiji.

Jumapili, 8 Oktoba 2023

Mpendwa Shangazi Godelieve,

Leo nimeapa kukueleza kila kitu, hata yale yanayonitia aibu, kwa sababu mwishoni nitakuomba na wewe uniambie kweli, na si haki kumwomba mtu kitu ambacho mimi mwenyewe sijakitoa.

Kwanza, hujambo huko Valdivia? Mvua bado inanyesha kila siku kama ulivyoandika wakati wa Pasaka? Na mgongo wako, umepata nafuu? Sisi huku ni wazima. Mama ana kikohozi kidogo cha majira haya. Babu Nest alitimiza miaka themanini na mitatu mwezi Agosti, na bado anamtangulia Baba kufika kiwandani. Anakaa kwenye kiti chake kando ya mashine ya kuoshea, anazitazama kreti za plastiki za mboga zinavyotoka zikichuruzika maji, na akiona moja ina jani la spinachi limegandia pembeni anapaza sauti, “Hii irudi!” Bi Yamina, anayesimama mwisho wa mkanda wa mashine, humjibu, “Sawa, mzee. Na wewe je, tukuoshe leo au tukuache mpaka kesho?” Hapo hucheka wote wawili.

Mimi niko kidato cha tatu sasa. Kiingereza ndilo somo ninalofanya vizuri zaidi, ingawa mwalimu anasema sentensi zangu hazijui kukoma. Utaona hapo chini kwamba hakosei.

Sasa habari za kiwanda. Unaikumbuka ile kampuni ya maduka inayochukua zaidi ya nusu ya kreti zetu. Mwezi Machi waliandika kwamba wanafikiria kuhamia kwenye maboksi ya karatasi, ya kutumiwa mara moja na kutupwa, ila watasubiri waone sheria mpya ya vifungashio inayojadiliwa Brussels itasemaje. Katika rasimu kuna ibara moja inayotaka bidhaa zinazotoka kampuni moja kwenda nyingine zibebwe ndani ya vitu vinavyorudi, vikaoshwa, vikatumika tena. Ibara hiyo ikibaki, watabaki na sisi. Ikifutwa, Baba anasema tutajikongoja mpaka Pasaka, kisha tutafunga. Ni watu ishirini na sita, Shangazi. Hajawaambia. Lakini nadhani Bi Yamina anajua, kwa maana siku hizi anataniana na Babu tu, Baba hamtanii tena.

Ndiyo maana Baba amekuwa mshawishi wa wabunge wa Bunge la Ulaya. Usicheke. Baba yuleyule ambaye huvaa tai mazishini tu! Chama cha wenye kreti kina ofisi ndogo Brussels, na mkuu wake ni Bi Severine Lammens, mwanamke wa viatu vyekundu na simu mbili. Wanachama wake wengi ni makampuni makubwa, sisi ndio wadogo kuliko wote. Lakini alikuja mpaka kiwandani kwetu akamwambia Baba, “Staf, takwimu nimewapelekea mpaka wamezichoka. Sasa wanataka kumwona mtu mwenye mikono.”

Baba akaitazama mikono yake. “Ninayo miwili.”

“Inatosha. Njoo nayo.”

Wenye maboksi nao wanashawishi, na wana watu wengi kuliko sisi. Wanasema maboksi yao yanatokana na miti inayopandwa tena, na kwamba kuosha kreti kunakula maji na nishati. Nilimuuliza Baba kama ni kweli. Akasema habari ya maji ni kweli, ndiyo maana maji ya kusuuzia tunayatumia tena kuoshea, na habari ya miti pia ni kweli. “Hawa si waongo, Jorinde. Nao wana viwanda vyao na watu wao.” Nilimpenda sana kwa kusema hivyo.

Basi Bi Severine akapata wazo. Kreti thelathini na nane zijazwe peasi, nyanya na mboga za kwetu, zipelekwe ofisini kwa wabunge wa kamati inayoishughulikia sheria, kila moja na karatasi yenye hoja zetu. Zikapelekwa, zikapendwa, na kwa Bi Severine jambo likawa limekwisha.

Lakini wewe unaijua kanuni ya Babu. Hakuna kreti inayotoka getini bila kuandikwa daftarini namba yake, inakokwenda, na siku ya kuifuata, ambayo ni ya kumi na nne. Siku ya kumi na nne iliangukia Jumatano iliyopita. Jumatano hatuna masomo mchana, na nilipotoka nilimkuta Baba mlangoni mwa shule, na kigari cha kusukuma ndani ya gari.

“Twende ukanisaidie Kiingereza,” akasema.

“Tunakwenda kushawishi?”

“Tunakwenda kuchukua kreti tupu.”

Nakuapia sikuona ajabu yoyote. Nimekulia katika ua wa kiwanda chetu. Kule Bungeni Brussels tukapewa beji za wageni, tukaanza kugonga mlango hadi mlango, kama tunavyogonga milango ya nyuma ya wauza mboga. Ofisi moja walikuwa wameifanya kreti ya kuwekea miguu, na kijana aliyekuwa akiitumia aliitoa kwa huzuni. Ofisi nyingine walikuwa wameitupa, na Baba akashuka hadi chumba cha takataka, akaikuta katikati ya maboksi, akairudisha juu ameikumbatia.

Kwenye lifti tulikutana na Bwana Kestens, msemaji wa watengenezaji wa maboksi. Aliuzuia mlango kwa mguu ili kigari kipite. “Jamani, Staf, umekuja kupora zawadi zako mwenyewe?”

“Na wewe zako hutazifuata?”

“Zangu zimeshachanwa zamani!” Wakacheka, na yeye mwenyewe akatusaidia kusukuma mpaka ghorofa ya nne.

Huko ndiko Bi Severine alikotukuta, anakuja mbio. “Staf! Nimepigiwa simu naambiwa kuna mtu wangu anawanyang’anya wabunge zawadi!”

“Nachukua kreti.”

“Zilikuwa zawadi!”

“Zawadi ilikuwa peasi,” Baba akasema. “Kreti ni kreti.”

Bi Severine aliegemea ukuta akafumba macho. Hapo ndipo nilipotambua kwamba tunalolifanya halifanywi na mtu yeyote katika jengo lile. Nilitamani kurudi nyumbani saa ileile. Lakini Baba alikuwa ameshagonga mlango uliofuata.

Ulikuwa wa Bi Tuulikki Aaltola, mbunge kutoka Finland, mama mwenye mvi na soksi nene za sufu. Bi Severine alininong’oneza, “Huyu si wetu. Mji wake unaishi kwa kiwanda cha maboksi.” Kreti yetu ilikuwa chini ya meza, imewekewa buti zilizolowa. Alizitoa mwenyewe, akaniuliza kwa Kiingereza kama tumetoka Duffel kwa ajili ya kreti moja.

“Kwa thelathini na nane, Mama,” Baba akajibu kupitia kwangu. “Hii ni ya thelathini na tano.”

“Mimi nimeambiwa kreti zenu hupotea. Zikizunguka mara chache hazionekani tena, nanyi mnatengeneza plastiki nyingine.”

Baba akasimama wima. “Mwambie hivi. Baba yangu alinunua kreti mia mbili za kwanza mwaka 1996. Mpaka leo tunajua kila moja ilipo. Ama iko kazini, ama ilivunjika ikasagwa ikawa kreti nyingine.”

Nikamtafsiria neno kwa neno. Kisha, Shangazi, mdomo wangu ukaendelea wenyewe. Nikasema, “Ila moja.”

Unajua kwa nini. Nimeliona daftari la Babu. Namba 117, Februari 2009, mwaka niliozaliwa mimi: “Godelieve, Chile.” Na kila mwaka mpya ukiingia, Babu huongeza pembeni neno lilelile moja: “Itarudi.” Nimeyahesabu. Yako kumi na manne.

Bi Aaltola alishusha miwani. “Baba yako hakusema maneno marefu hivyo.”

Sikuweza kumficha. Nikamwambia kwamba maneno ya mwisho ni yangu, na kwamba kreti hiyo shangazi yangu aliondoka nayo ikiwa imejaa vitabu, na hajarudi tangu hapo. Baba akaniuliza, “Umemwambia nini?” Nikamwambia. Bi Severine akatazama dari.

Yule mama hakucheka. Akauliza, “Na hiyo moja, bado ni kreti?”

“Sijui, Mama.”

“Ulizia. Kura ni kabla ya mwezi kwisha. Siwaahidi lolote, mji wangu nao una watu. Lakini kila wiki watu huingia humu na hesabu zisizopungua hata moja, na sijawahi kuziamini. Hii yenu imepungua moja. Nataka kujua habari zake.” Akaifuta kreti kwa skafu yake mwenyewe, akampa Baba kwa mikono miwili.

Tulirudi na kreti thelathini na saba. Ya thelathini na nane imepandwa ua, na mwenye ofisi alikataa katakata kuitoa, kwa hiyo Baba amemwandikia siku nyingine kumi na nne.

Njiani nilijizuia kuuliza mpaka tulipopita mji wa Mechelen. Nikashindwa kuvumilia. “Baba, nimeharibu?”

“Hapana,” akasema. “Mimi ndiye niliyeisahau.” Tukaenda kidogo, akasema tena, “Sikuisahau. Niliiruka.”

Sijui ulipoondoka kulitokea nini kati yako na Babu. Hakuna anayeniambia, na wewe pia sikuulizi. Najua tu kwamba Babu alipopewa habari hizi aliomba daftari lake, akaweka kidole juu ya namba 117, akasema, “Alichagua nzuri. Haikuwa hata na mkwaruzo.” Kisha akamuuliza Mama kama Chile sasa ni asubuhi au jioni.

Bi Severine alipiga simu juzi Ijumaa. Hana hasira tena. Ofisi tatu zimemuuliza habari za “yule bwana wa kufuata kreti”, na Baba amepewa dakika tano za kuzungumza mbele ya wabunge tarehe 19. Amesema atawaeleza habari za mia moja tisini na tisa, na za ile moja pia, vyovyote jibu lako litakavyokuwa.

Kwa hiyo nakuomba usilipambe jibu ili kutusaidia. Ikiwa ilipasuka, andika kwamba ilipasuka. Ikiwa uliitupa, andika uliitupa. Na ikiwa ipo, niambie inabeba nini sasa, na upige picha namba iliyo ubavuni. Mama ataipiga picha barua hii na kukutumia leo kwa simu, karatasi yenyewe itafuata kwa posta. Tafadhali nijibu siku hiyohiyo utakayoisoma.

Mama anakusalimu sana na kukuuliza kama huko mnapata mboga yetu ya chikori. Baba anakusalimu. Alisimama nyuma yangu muda mrefu nilipokuwa nikiandika. Bi Yamina anasema chumba chako cha juu bado kina harufu ya rangi zako za kuchorea. Nisalimie mume wako, Mjomba Anselmo, na paka wenu. Mungu akulinde katika mvua hiyo, na ayape macho yako kila siku kitu kizuri cha kuchora.

Babu hakunituma salamu. Aliniuliza tu kama nimebakisha nafasi chini ya ukurasa, nikamwambia ipo, akasema basi iachwe wazi kwa ajili yako, inatosha. Shangazi, Januari atalifungua daftari na kuliandika lile neno mara ya kumi na tano. Je, nimwambie aliandike?

Binti wa kaka yako, ambaye hajawahi kukuona lakini anakupenda,

Jorinde Wuyts